Diski Ileile, Kasi Tofauti: Kidhibiti Kikisema "Nimeandika" Kinamaanisha Nini?

Mfanyabiashara mmoja wa jumla hapa Mwanza ana seva mbili. Moja ipo katika duka lake la siku nyingi katikati ya mji, nyingine ipo tawi jipya la Igoma. Zote zina diski nne nne, za aina moja na ukubwa mmoja. Pale Igoma keshia akibonyeza kuhifadhi ankara, imeshaingia. Mjini akibonyeza anasubiri, skrini inaganda, foleni inarefuka, na wachuuzi waliokuja na bodaboda kufuata mzigo wanaanza kunung'unika. Aliponiita alikuwa ameshakata shauri: kadi inayoongoza diski za mjini imechoka, itolewe, iwekwe kama ile ya Igoma. Mafundi wawili walikuwa wamemwambia hivyohivyo.

Nilizikagua zote mbili. Seva ya kuogopa ilikuwa ile ya Igoma.

Suala hili ninakutana nalo kwa sura nyingi. Mwenye studio ya video za harusi pale Kirumba anauliza kwa nini diski yake ya nje inakimbia kwenye kompyuta moja na kutambaa kwenye nyingine. Mwenye famasi ameambiwa anunue kadi ya bei mbaya ili mfumo wake wa mauzo upae. Kwenye makundi ya WhatsApp mafundi wanarushiana picha za vipimo: kadi yangu inaandika megabaiti 900 kwa sekunde, ya kwako 110. Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli na bado zisilingane kwa lolote, kwa sababu kila moja imepima kitu chake.

Kwanza tujue vifaa vyenyewe. Diski ngumu ni sahani zinazozunguka, na juu yake kuna kichwa kidogo kinachosogea ndani na nje kutafuta mahali pa kuandika. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na nyingi za laptopu mara 5,400. Kidhibiti, ambacho mafundi wengi wanakiita kontrola, ndicho kinachopokea data kutoka kwenye kompyuta na kuiongoza mpaka iandikwe. Hapa ndipo mkanganyiko wa kwanza unapoanzia, kwa kuwa vidhibiti si kimoja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 diski imekuwa ikibeba kidhibiti chake yenyewe, ile bodi ndogo ya kijani iliyobandikwa chini yake. Kuna kingine kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, pale waya wa diski unapochomekwa. Na kwenye seva mara nyingi kuna cha tatu, kadi ya RAID inayounganisha diski kadhaa zikafanya kazi kama moja. Mtu akisema "kontrola yangu ina kasi", muulize ipi.

Halafu kuna tofauti kubwa kati ya kusoma na kuandika. Ukiomba kusoma faili, data ama imekufikia ama haijakufikia. Ukiandika, wewe unakabidhi mzigo na kungoja jibu la neno moja: "nimeandika". Swali zima la makala hii ni kidhibiti kinatamka neno hilo mzigo ukiwa wapi.

Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi boti za visiwani zinapoleta dagaa. Magunia yanashushwa, wabebaji wanayapeleka ghalani, na ukingoni amesimama karani na daftari lake. Mwenye boti hawezi kuondoka mpaka apewe stakabadhi. Sasa fikiria makarani wawili. Wa kwanza haandiki stakabadhi mpaka mbebaji arudi amwambie gunia limeingia ghalani na mlango umefungwa. Wa pili ametandaza turubai palepale ukingoni. Gunia likigusa turubai, anakata stakabadhi, boti inageuza. Wabebaji watayapeleka ghalani baadaye.

Karani wa pili ana foleni fupi sana. Zaidi ya hapo, magunia yakishajikusanya kwenye turubai anaweza kuyapanga: haya yote ni ya ghala la kona ile, yapelekwe kwa safari moja. Kwa hiyo kuna kasi anayoiongeza kwelikweli, hata kwa wabebaji walewale. Lakini mvua ikishuka ghafla kabla hawajamaliza, wenye boti wameshaondoka na stakabadhi zinazosema mzigo uko ghalani, na mzigo unaloa.

Hilo turubai ndilo kache, kumbukumbu ya muda iliyo ndani ya kidhibiti. Ukifungua mipangilio ya kadi ya RAID utamkuta karani wa kwanza ameandikwa "Write Through" na wa pili "Write Back". Mvua ni umeme kukatika, na mkazi wa Mwanza hahitaji kuelezwa hilo.

Tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo mtu anaweza kujilinda kwa kalamu na karatasi tu. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3 hivi. Mfumo wa mauzo unapohifadhi ankara, huongeza mstari mwishoni mwa daftari lake la kumbukumbu kisha unangoja "nimeandika" kabla ya kuendelea. Mstari unaofuata unakaa jirani na ule wa kwanza, ila mahali hapo pameshapita chini ya kichwa, kwa hiyo inabidi sahani izunguke tena. Ndiyo maana diski moja ya aina hiyo, bila turubai la aina yoyote, haiwezi kuthibitisha maandishi ya namna hii zaidi ya mara 120 hivi kwa sekunde. Ya mizunguko 5,400 inaishia 90. Fizikia haina toleo jipya.

Basi ukimwona mtu anaonyesha kipimo kinachosema diski yake moja imethibitisha maandishi 3,000 kwa sekunde, usiulize alinunua wapi. Uliza turubai liko wapi na nani analilinda.

Kwa faili kubwa mambo ni tofauti kidogo, maana kichwa kinakaa mahali pamoja na kumwaga data mfululizo. Hapo diski nzuri ya kisasa inaweza kufika karibu megabaiti 200 kwa sekunde kwenye ukingo wa nje wa sahani, na karibu nusu ya hiyo inapokaribia katikati, kwa kuwa mduara wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Hata diski hiyohiyo, kwa kidhibiti hichohicho, ikiwa tupu itapimwa kasi na ikikaribia kujaa itapimwa taratibu. Wengi wanalaumu kadi kwa jambo hili.

Kuna imani nyingine inayowagharimu watu pesa: kwamba ukitoka SATA (njia ya waya inayounganisha diski na kompyuta) ya gigabiti 3 kwa sekunde kwenda ya gigabiti 6, diski itaandika mara mbili zaidi. Waliokuwa wanasafiri kwenda Sengerema na Geita kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025 wanaijua hali hii. Hata kama barabara kutoka Usagara ingepanuliwa ikawa ya njia sita, ungefika Kigongo mapema na kukaa kwenye foleni ya kivuko palepale. Katika waya wa SATA kila biti 8 za data, yaani baiti moja, husafiri kama biti 10, hivyo gigabiti 3 ni megabaiti 300 kwa sekunde, na gigabiti 6 ni 600. Diski ya kawaida inayozunguka haijazi hata hiyo 300. Kivuko ni sahani. Ukitaka daraja, nunua diski isiyozunguka, ile ya SSD; kwa diski hiyo ndipo barabara pana inakuwa na maana.

Yule wa studio, hata hivyo, shida yake ilikuwa barabara kweli. Kompyuta ya pili alikuwa anachomeka diski kwenye tundu la USB 2.0. Tundu hilo limeandikiwa megabiti 480 kwa sekunde, lakini kazini hutoa megabaiti 30 hadi 40. Video za gigabaiti 64 zinachukua kama nusu saa hapo. Akihamia tundu la USB 3.0, diski yake ikiandika megabaiti 150 kwa sekunde, ni dakika saba. Tundu tu, diski haina kosa. Nilimweleza pia jambo la pili ambalo wenye studio wanapaswa kulijua: zipo diski ambazo mistari yake ya kuandikia imepandiana kama mabati ya paa. Ukibadilisha mstari mmoja, inabidi iandikwe upya na ile iliyolaliwa. Mwanzoni zinakimbia kwa sababu zina sehemu ya kupokelea ya muda, kisha ukiendelea kumimina zinaanguka kasi vibaya. Mwaka 2020 kulizuka malalamiko makubwa duniani baada ya kubainika kwamba diski za namna hiyo zilikuwa zinauzwa bila wanunuzi kuambiwa. Kwa kuhifadhi harusi zilizokwisha zinafaa. Kuziweka nyuma ya kadi ya RAID ni kujitafutia usumbufu.

Sasa RAID yenyewe. Jina hilo lilitoka kwa David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye makala yao ya mwaka 1988. Wazo lao lilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa vizuri zinaweza kushindana na moja kubwa ya gharama. Aina inayopendwa sana madukani kwetu ni RAID 5, kwa sababu diski moja ikifa data inabaki na hupotezi nafasi nyingi. Ila kwenye kuandika ina kodi yake, na kodi hiyo haielezwi.

Chukua maghala matatu: la kwanza lina magunia 10, la pili 20, la tatu 30. Mahali pa nne unaandika jumla, 60. Daftari la ghala lolote likiungua unalipata tena kwa kutoa: 60 toa 10 toa 30, la pili lilikuwa na 20. RAID 5 inafanya hesabu ya jamii hiyo kwa biti. Sasa ghala la pili libadilike kutoka 20 kwenda 25. Lazima usome ile 20 ya zamani, usome 60 ya zamani, uandike 25, kisha uandike 65. Badiliko moja dogo, safari nne. Ukiwa na diski nne ambazo kila moja inamudu safari kama 80 za hapa na pale kwa sekunde, unazo safari 320, ukigawa kwa nne unapata maandishi 80. Diski nne, kazi ya diski moja! Diski hizohizo zikipangwa kwa RAID 10, ambako kila kitu kinaandikwa mara mbili tu bila hesabu ya jumla, unapata 160. Kwa mfumo wa mauzo wenye ankara ndogondogo siku nzima, badiliko hilo lina uzito kuliko kubadilisha kampuni ya kadi. Kwa faili kubwa la video RAID 5 haiumii hivyo, kwa sababu maghala yote yanajazwa kwa mkupuo na jumla inaandikwa mara moja bila kusoma ya zamani.

Umeme nao una namna mbaya ya kuingia hapo katikati. Fikiria umekatika baada ya kuandika 25, kabla ya kuandika 65. Jumla imebaki 60. Kompyuta inawaka, kila kitu kinaonekana kizima, miezi inapita. Siku diski ya tatu inakufa, kadi inapiga hesabu: 60 toa 10 toa 25, inakupa 25 badala ya 30. Haikulalamika, imekurudishia tu kitu ambacho hukuwahi kukiandika. Mtu anaposema "nina RAID, sihitaji nakala", mimi hufikiria hiyo 25.

Kwa hiyo kadi nzuri za RAID zinakuja na betri yao ndogo. Umeme ukikatika, betri inaishikilia kache hai mpaka umeme urudi, kisha mzigo unapelekwa diski kana kwamba hakuna kilichotokea. Kadi za miaka ya karibuni zinatumia kapasita yenye nguvu za kutosha kumwaga kache yote kwenye chipu ya flashi, ambako inakaa bila umeme. Turubai limejengewa banda. Hapo karani wa pili ana haki ya kukata stakabadhi ukingoni, na kasi yake ni kasi halali.

Watu huniuliza kama UPS, ile betri ya nje inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, haitoshi. UPS ninaisisitiza kwa kila mteja, ila inalinda dhidi ya umeme wa ukutani tu. Pawasapulai ya seva inaweza kuungua, fundi anaweza kuchomoa waya usiohusika, na betri ya UPS yenyewe inazeeka kimyakimya chini ya meza. Betri ya kadi ipo pale mzigo ulipo.

Nayo inazeeka. Kadi ikigundua betri yake imechoka, iliyotengenezwa vizuri inajirudisha yenyewe kwa karani wa kwanza: hakuna stakabadhi mpaka gunia liingie ghalani. Kadi nyingine zinafanya hivyo kwa saa kadhaa hata betri ikiwa nzima, wakati zinaipima kwa kuimaliza na kuichaji upya. Kasi inaporomoka ghafla, hakuna kilichobadilishwa, na kila mtu anasema kadi imekufa.

Mazabodi ya kawaida yanashinda kadi za bei kubwa kwenye vipimo vya mtaani kwa sababu inayofanana na hiyo. Bodi ya diski ina kache yake ndogo, megabaiti 64 hadi 256 kwa diski nyingi za sasa, na haina betri. Mazabodi kwa kawaida inaiacha ifanye kazi. Kadi nyingi za RAID zinaizima, kwa sababu haziwezi kuilinda. Ukilinganisha hivyohivyo, mazabodi itaonekana shujaa, kumbe unalinganisha turubai lisilo na banda na ghala lenye kufuli.

Ukitaka kulinganisha vidhibiti viwili kwa haki, weka diski zilezile, zikiwa na nafasi tupu ileile, kwa mpango uleule wa RAID. Angalia hali ya kache kwa kila kimoja na uihakikishe inafanana, pamoja na hali ya betri. Kisha pima kazi unayoifanya wewe. Mwenye studio apime faili refu, na hapa kosa ni lilelile kila siku: kadi yenye kache ya gigabaiti 1 ikipimwa kwa faili la megabaiti 500, umepima turubai, ghala hukuligusa. Hata kompyuta yenyewe huficha maandishi kwenye RAM, kumbukumbu yake ya muda. Ndiyo sababu ukinakili kwenda kwenye flashi unaona asilimia zinakimbia hadi 90 kisha zinasimama. Tumia faili linalozidi RAM mara mbili, acha kipimo kiende dakika kadhaa, na namba ya kuaminika ni ile ya mwishoni, wabebaji wakishakuwa ndio wanaoamua. Mwenye duka apime maandishi madogo yanayongoja uthibitisho kila moja. Programu ya bure ya fio inaweza kupima yote mawili, ukiiambia ingoje uthibitisho kila inapoandika.

Tukifanya hivyo, kipo kinachobaki cha kuvitofautisha vidhibiti vyenyewe? Kipo. Kuna vyenye kache kubwa inayomeza mafuriko ya saa za mauzo makali, vinavyopanga safari kwa akili zaidi, na vinavyopiga hesabu ya RAID 5 haraka. Ila tofauti hizo ni ndogo kando ya swali la stakabadhi inakatwa wapi, na sijaona kadi yoyote iliyoifanya sahani izunguke zaidi.

Turudi kwa mfanyabiashara wetu. Seva ya mjini betri ya kadi ilikuwa imekufa. Kadi ikaona, ikaacha kuahidi, ikawa inangoja kila ankara iingie diski kwanza. Uchovu wote wa foleni ile ulitokana na kadi kukataa kusema uongo. Seva ya Igoma haikuwa na betri tangu iliponunuliwa, na aliyeifunga alikuwa ameilazimisha kwenye mipangilio iendelee na "Write Back" hivyohivyo. Kila jioni ankara za mwisho zilikuwa zinalala kwenye turubai, chini ya anga tupu, na keshia ana uhakika ziko ndani.

Mbele yake nilizima kache ya Igoma kwa muda na kupima upya. Ikashuka mpaka ikawa sawa na ya mjini, ankara kwa ankara. Alinyamaza kidogo, akauliza umeme umekatika mara ngapi Igoma tangu wafungue tawi. Tukamwita keshia na daftari la mkono analoandikia mauzo umeme usipokuwepo, tukaanza kulinganisha na zile za kwenye mfumo, tarehe moja baada ya nyingine. Betri mbili aliagiza jioni ileile.